Mke wa Mzee, Darasa la Kwanza

Mutisya alishika kipaza sauti kama anavyoshika kila kitu, kama mtu aliyezaliwa nacho mkononi. Tulikuwa chini ya hema nyumbani kwa marehemu mama mkwe wangu, nje kidogo ya Matiliku, jeneza likiwa mbele yetu limefunikwa kitambaa cheupe cha kufumwa. Huyu mtoto wa shemeji yangu, sasa mwanamume mzima mwenye tumbo na koti linalombana, akawaambia waombolezaji, "Leo mimi nimeachwa na bibi yangu. Sasa nani atanipikia?" Hema zima likacheka. Wanawake wa kanisa walicheka huku wakipangusa machozi, na mchungaji akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia hekima. Kwetu Wakamba mtoto hupewa jina la babu yake au nyanya yake, na akishapewa jina hupewa na heshima inayolifuata. Mutisya alipewa jina la babu, mzaa baba yake, kwa hiyo tangu atoke tumboni nyanya yake alimwita "mume wangu." Ni utani mtamu, na penye watu wenye akili hubaki utani. Binti yangu Mueni, aliyepewa jina la huyo nyanya tuliyekuwa tunamzika, alikuwa ameketi kando yangu akijipepea kwa karatasi ya ratiba ingawa hakuvua sweta. Hakucheka. Nilimtazama mikono, nikaona ile ratiba imeanza kukunjika.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita mwaka ninaoukumbuka, na nilikuwa mwalimu wa nasari katika akademi moja pale Matiliku. Waliiita akademi. Ilikuwa vyumba vichache vilivyopakwa rangi ya bluu, uwanja wa vumbi, na basi moja ambalo wazazi walilisukuma kila asubuhi ili watoto wao wasionekane wakitembea kwenda shule. Watoto walivaa tai za lastiki. Tai hizo ndizo zilizokuwa tofauti yote kati yetu na shule ya serikali iliyokuwa ng'ambo ya barabara, maana walimu wetu wengi walikuwa wamekataliwa kule kabla ya kukubaliwa huku. Mwenye shule aliitwa Direkta. Alikuwa mhubiri pia, na hakuvua filimbi shingoni hata Jumapili akiwa madhabahuni. Akizungumza na mzazi alifumba macho, na wazazi walidhani anaomba. Mimi niliyemwona kila siku nilijua kwamba alikuwa hataki kukutazama tu.

Mueni alianza darasa la kwanza mwaka huo, akiwa na miaka sita. Mutisya alikuwa darasa la tatu. Mwanzoni niliona tu kwamba mtoto anarudi nyumbani na njaa ya ajabu, anakula muthokoi moja kwa moja kutoka sufuriani, mahindi na maharagwe ya moto, huku anapuliza vidole. Nikasema anakua. Halafu siku moja wakati wa mapumziko nilikuwa staffroom, chumba chenye meza moja yenye plastiki ya maua na thamosi ya chai iliyokuwa na nguvu kuliko walimu wote, Bwana Nzioka wa hesabu akaita kutoka dirishani, "Hebu kujeni muone! Mzee anapakuliwa na bibi yake!" Wote wakaenda, vikombe mkononi, na mimi nikaenda. Chini ya ukuta wa jikoni Mutisya alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu ameitanua kama wazee wanavyoitanua wakiwa wamemaliza kuuza ng'ombe. Mbele yake Mueni alikuwa amepiga magoti, akimmwagia maji ya kunawa kwa kikombe. Kisha akafungua mkebe wake wa chakula, zile ndengu na chapati nilizompikia alfajiri, akampa kwa mikono miwili. Watoto wengine walikuwa wamesimama wakiangalia kama watu wa harusi.

"Na vile amepiga magoti!" akasema Nzioka. "Huyu ameolewa vizuri, hata bibi yangu hawezi hivyo."

Nilitoka nje. Mutisya aliniona nikija na hakuacha kutafuna. Akaniambia, huku mdomo umejaa chapati ya mwanangu, "Mwalimu, si unisalimie kwanza?" Nilimwambia ainuke. Hakuinuka. Mkono wangu ukapanda, na dirishani nyuma yangu Nzioka akapiga kelele, "Madam! Kwani utachapa baba mkwe wako?" Kicheko kilichofuata kilitoka staffroom kikavuka uwanja mzima. Anayejua kwetu anajua ile heshima tunayoiita nthoni. Mke wa mtu hamkaripii baba mkwe, hamtazami usoni, hakai naye karibu. Na kijana huyu, mwenye kamasi iliyokauka juu ya mdomo, alibeba jina la baba mkwe wangu. Ni kweli mtu mwenye akili angejua mahali mila inapoishia na mtoto anapoanzia. Lakini pale palikuwa na walimu saba wenye vyeti, na hakuna aliyejua. Nilimshika Mueni mkono nikaondoka naye, na nyuma yetu Mutisya akamaliza ndengu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Jina lake likawa Mke wa Mzee, na darasa zima likamwita hivyo, hata mwalimu wake akijisahau wakati wa kuita majina. Akikataa kumpa chakula, Mutisya alimfinya ndani ya mkono, mahali ambapo sweta hufunika. Siku moja alimvuta hadi chooni akamfungia kwa nje, na Mueni akakaa mle na nzi mpaka somo la Biblia likaisha. Nilipouliza mbona hakuna aliyemtafuta, mwalimu wake aliniambia, "Nilidhani ameenda kwa mzee." Alisema hivyo bila aibu, akiwa anachokonoa meno. Mtoto akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyekuwa ameacha mambo hayo kabla ya kujua kusema vizuri. Asubuhi alijitandikia godoro juani mwenyewe, kimya kimya, kabla sijaamka, ili nisione.

Nililipeleka neno hilo nyumbani kwa mama mkwe Jumapili baada ya kanisa, kwa kuwa niliamini familia ina masikio. Tulikuwa tumekaa sebuleni kwake, chumba chenye viti vilivyovishwa vitambaa vya kufumwa mpaka miguuni, na kalenda za miaka iliyopita ambazo hazikutolewa kwa sababu zilikuwa na picha nzuri. Kuku alipoletwa, firigisi ilitolewa kwanza ikawekwa kwenye sahani ya Mutisya, kwa sababu firigisi ni ya mwenye boma. Baba yake mzazi, shemeji yangu Musembi, aliketi pale akala shingo, na aliona fahari. Nikasema yote: chakula, kufinywa, choo. Walisubiri nimalize, na hilo lilikuwa la adabu. Halafu Musembi akacheka mpaka akaweka mfupa chini. "Wewe mwalimu nawe! Hawa ni mtu na bibi yake, hiyo maneno utaingiliaje? Ama unataka kufundisha baba mkwe vile ataishi na mama mkwe?" Mama mkwe, ambaye sote tulimwita Susu kama watoto walivyomwita, alikuwa amekaa mlangoni akichagua mawe kwenye mbaazi. Alicheka naye. "Hata yule mkubwa alinichapa," akasema, akimtaja mume wake halisi, "na sikukufa." Hapo nyumba ikalipuka kwa kicheko. Mutisya mwenyewe alicheka, midomo ikimeremeta mafuta, na hakujua anacheka nini. Nilimtazama yule mwanamke mwenye mikono iliyopinda na nikamdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu.

Mume wangu Kioko alikuwa dereva wa lori, na lori lake lilimjua kuliko nilivyomjua mimi. Alipofika mwisho wa mwezi nilimweleza akiwa anakula. Alisikiliza mpaka sahani ikaisha, akasema, "Mama amesema ni mchezo tu."

"Basi mwambie mama aende akamnawishe yeye," nilimjibu. Akachukua kijiti cha meno. Wanaume wa nyumba ile walijua kunyamaza kama wengine wanavyojua kuimba.

Nikaenda kwa Direkta. Ofisi yake ilikuwa na makochi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuegemea, na vikombe vya kwaya vilivyopangwa dirishani ili wapita njia wavione. Alifumba macho, akanisikiliza. Nikamuuliza jambo moja tu: kama lazima mtoto mmoja aondoke hapa, mbona asiwe yule anayefinya? Akafumbua macho hapo. "Mwalimu, Mutisya ako na ndugu zake wanne hapa. Na baba yake ndiye mwenyekiti ya wazazi. Wewe ni mtu wa kanisa, hii kitu tutaimaliza na upendo." Upendo wenyewe ulifika Jumatatu. Gwarideni, mbele ya shule nzima, alipuliza filimbi, akawaita wale watoto wawili, akahubiri juu ya msamaha mpaka mtoto mmoja wa nasari akaanguka kwa jua, kisha akawaamuru wakumbatiane. Mutisya alimkumbatia Mueni vizuri sana. Alimshika mabega, akaweka kichwa chake kando ya kichwa cha mwanangu, walimu wakapiga makofi, Nzioka akasema amina. Jioni nilimuuliza Mueni yule Mutisya alikuwa anamwambia nini sikioni, kwa maana niliona mdomo ukitikisika. Akanijibu, "Alisema kesho nilete mayai."

Ninajua watu watasema ningeondoka siku hiyo hiyo. Rahisi kusema. Kuondoka akademi kulikuwa kuacha kazi yangu, na hapakuwa na nyingine ya kuokota njiani. Kila mtu alikuwa na ushauri, na wote walishauri kwa mdomo uliojaa chai ya mtu mwingine. Nzioka, kwa uso wa mtu anayefikiri, aliniambia, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime," naye sikuwahi kumwona akishika jembe. Akina mama wa kanisa walisema mtoto akihamishwa atakuwa wa kukimbia kila kitu maishani. Kutoka akademi kwenda shule ya serikali, mmoja wao aliniuliza, si hiyo ni kurudi nyuma? Alisema kana kwamba nilikuwa nampeleka jela. Na Musembi akaja na suluhisho ambalo alilisema kwa upole wa mtu anayetoa zawadi: mtoto apelekwe Ikutha kwa mama yangu, akakae na mbuzi huko kidogo, na mimi nibaki na kazi yangu. "Mtoto ndiye ako na shida," akasema. "Wewe hauna shida." Ushauri huo ndio ulionikaa siku nyingi, kwa kuwa ulikuwa rahisi kuliko mengine. Mama yangu angempenda. Maziwa yangekuwepo. Nilifika mahali nikafua nguo zake za kwenda Ikutha, nikazianika, nikazitazama zikikauka. Lakini nilijua angeelewa nini akipelekwa peke yake, na mimi nikibaki nafundisha pale pale, nikinywa chai na wale wale. Angeelewa kwamba katika jambo hili aliyefukuzwa ni yeye. Nikazianua zile nguo nikazirudisha sandukuni.

Lililoamua lilikuwa dogo. Nilikuwa namwogesha Mueni kwenye karai nyuma ya nyumba, jua likielekea kutua. Juu ya mkono wake palikuwa na alama mpya, ya bluu katikati na nyekundu pembeni. Nilipopitisha sabuni juu yake hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha, kwamba hakushtuka. Nikamuuliza kama inauma. Akasema inauma kidogo. Nikamuuliza mbona haniambii tena.

"Susu alisema nivumilie," akanijibu. "Alisema yeye alivumilia, na mimi ndiye yeye. Sasa nitavumilia mpaka Mzee afe."

Alisema kwa sauti ya mtoto anayerudia mafunzo ya Jumapili, huku anacheza na povu. Nilimsuuza, nikamfunga leso, nikamlisha, nikamlaza. Kisha nikakaa mlangoni nikawachukia wote kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine: Direkta na filimbi yake, Nzioka na methali yake, Musembi na shingo ya kuku, na zaidi ya wote yule mama mkwe aliyemvisha mtoto wa miaka sita maisha yake yote ya kipigo kana kwamba ni gauni la sikukuu. Hata sasa sioni kama nilikosea kuwachukia. Nilikuwa na binamu yangu kule Salama, mji wa barabara kuu, aliyekuwa na duka la mikate na chumba kimoja nyuma yake. Shule ya serikali ya huko ilikuwa na mwalimu mmoja aliyekwenda kujifungua na walitafuta wa kujazia. Nikampelekea binamu yangu ujumbe kwamba tunakuja wawili.

Habari ilipotoka, walicheka tena, maana hawakuwa na kitu kingine cha kufanya kwa vinywa vyao. "Salama!" akasema Direkta. "Huko watoto wanajifunza kuhesabu na malori." Mama mmoja wa kanisa aliniombea kwa sauti mbele ya wengine ili nisije nikapotea kwenye mabaa. Musembi alisema nimeitukana familia, nimemwacha mzee bila mke, na safari hii hakucheka alipokuwa akisema. Kioko ndiye aliyenishangaza. Alikuja na lori, akapakia godoro, karai na sanduku, akafunga kamba vizuri, asiseme neno, asiage mtu. Nilikuwa nimetarajia apinge, na hilo lilikuwa jambo jema la kwanza nililoliona kutoka kwa kunyamaza kwake.

Mila ilinidai nimuage mama mkwe, nami nilikwenda, kwa shingo ngumu. Nilimkuta jikoni, kwenye moshi, anatwanga mahindi ya muthokoi kwenye kinu. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata nilikuwa na yangu mdomoni. Nikamwambia tunaondoka. Aliendelea kutwanga. Mueni akamsogelea, yeye akaacha mchi, akamshika yule mtoto mkono, akakunja mkono wa sweta polepole mpaka ile alama ikaonekana. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu alichokijua zamani. Kisha akarudisha sweta chini, akaivuta mpaka kifundo cha mkono. "Mpeleke," akaniambia, bila kunitazama. "Angalau mmoja wetu aende." Nje kulisikika sauti ya Musembi akiita, na papo hapo Susu akainua sauti, akacheka, akasema kwa nguvu ili asikike uani, "Haya nendeni, mniachie mume wangu!" Akashika mchi wake akaendelea.

Sikumsamehe kwa ajili ya hilo. Mtu akijua na akacheka ni mbaya kuliko mtu asiyejua, hilo ndilo nililofikiri nikiwa juu ya lori, na kwa kiasi kikubwa bado ninafikiri hivyo. Lakini maneno yale sikuyasahau, na nilipomwambia Mueni alipokuwa msichana mkubwa, aliniomba niyarudie.

Shule ya Salama ilikuwa kama walivyosema. Malori yalipita karibu mno hivi kwamba mwalimu alinyamaza katikati ya sentensi akasubiri. Watoto walikuwa wa wauza vitunguu, wa makanika, wa wanawake ambao kanisa letu la Matiliku liliwataja kwa kunong'ona. Hakukuwa na tai wala filimbi. Wiki ya kwanza nikaitwa na mwalimu wa darasa la kwanza: msichana mmoja alikuwa amemnyang'anya Mueni penseli, na Mueni alikuwa amemng'ata. "Madam, huyu mtoto wako ako na meno," mwalimu akaniambia. "Lakini nimeongea na wao wawili, na yule mwingine nimemwambia arudishe penseli." Akasema hivyo kama jambo la kawaida, mwalimu wa shule ya malori, asiye na ofisi. Niliomba radhi kwa ajili ya kuumwa kwa yule mwingine, nikarudi dukani kwa binamu yangu, nikala mkate mzima kwa chai, nikicheka peke yangu. Kioko alianza kuegesha lori nyuma ya duka usiku badala ya kupita moja kwa moja, na kufikia Desemba godoro la Mueni halikuwa linaanikwa tena.

Sasa, chini ya hema, Mutisya alikuwa bado na kipaza sauti. Amekuwa mtu mkubwa, mwenyekiti wa vitu vingi, na mke wake halisi alikuwa nyuma jikoni na sufuria, nilimwona alipopita akitembea kando kando ya watu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alilelewa kwa firigisi. "Lakini Mungu ni mwema," akasema, "amechukua bibi yangu mkubwa, ameniachia mdogo. Mueni! Mke wangu wa akademi, si unakumbuka vile ulikuwa unanipakulia? Kuja hapa tukumbatiane, watu waone familia!" Makofi yakaanza, yale yale ya gwaride, na miongoni mwa wazee nikamwona Nzioka, amezeeka, anapiga kwa mikono inayotetemeka. Musembi alitabasamu. Kioko aliangalia viatu vyake. Nyuso zote zikageuka kwetu zikisubiri, na mimi nikahisi mkono wangu unapanda peke yake, kama siku ile uwanjani. Mueni aliweka ratiba juu ya kiti, akasimama. Hakwenda mbele. Alisema kwa sauti isiyohitaji kipaza sauti, sauti ya kawaida tu ya mtu anayesahihisha kosa.

"Mke wako ndiye huyo kwenye sanduku, Mutisya. Mimi nilihama."

Makofi yakaisha moja moja. Mueni akaketi, akavuta mkono wa sweta yake mpaka kifundoni, akachukua ratiba, na mwongoza shughuli akaomba tuimbe.